Ukifika Bologna, panda treni ya Ravenna

Watu wa Malindi wenye ndugu Italia ni wengi, na wakienda kutembea safari zao hufanana: Milano, Roma, Venezia, picha kando ya mnara wa Pisa, kisha kurudi. Ushauri wangu ni mwengine. Ukifikia Bologna au mji wowote wa jirani, toa siku moja uende Ravenna. Nilikwenda mwezi wa Novemba bila kupanga, na tangu nirudi Shela yetu ya Malindi kila anayeniuliza Italia kuna nini namtajia mji huo kwanza. Naandika yote hapa, ya treni, ya tiketi, ya chakula na ya uchovu wa miguu, kwa sababu nataka watu wetu waende wakijua wanakwenda kutazama nini.

Kwanza mjue nautazama mji kwa jicho gani. Kazi yangu ni kutembeza wageni: Gede, nguzo ya Vasco da Gama, kikanisa cha Wareno, vichochoro vya mji wa kale. Wageni wangu wengi ni Waitaliano. Wamekuwa wakija kwetu tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco kule Ngomeni, na lugha yao niliisikia tangu utotoni, ukubwani ikawa riziki yangu. Kwa hivyo nikiingia mahali pa kale siangalii uzuri peke yake. Naangalia langoni amekaa nani, tiketi inauzwa vipi, kibao kinasema kweli au kimetia chumvi, na mgeni anapewa nafasi ya kutazama au anasukumwa apite.

Safari yenyewe ilizuka tu. Mdogo wangu ameolewa Bologna, na siku hiyo tulikuwa twende naye Venezia. Usiku wakampigia simu kutoka kazini, zamu yake imebadilishwa. Asubuhi akaniambia, "Dada, usikae ndani kwa ajili yangu. Nenda popote unapotaka, jioni utanihadithia." Shemeji akanisindikiza hadi stesheni. Nikasimama mbele ya ubao wa safari nikisoma majina, na katikati ya majina hayo likatokea la Ravenna, treni inaondoka baada ya robo saa. Nikakumbuka mzee mmoja wa huko niliyemtembeza Gede. Nilikuwa namweleza jinsi maji ya visima yalivyozama hata kisima cha msikiti mkuu kikachimbwa zaidi, naye akanyamaza, kisha akasema kwao pia maji yaliuhama mji. Sikupata kumwuliza zaidi, kundi lilikuwa linangoja. Shemeji nilipomwambia Ravenna alishangaa. Yeye ni mzawa wa Bologna, saa moja na kitu kwa treni, na mara ya mwisho alikwenda na darasa lake akiwa mtoto.

Treni ni zile za mkoa, wanaziita regionale. Hizi ndizo za mtu asiyepanga: hakuna kuhifadhi kiti, na nauli ni ile ile ununue mapema au ununue dakika tano kabla ya kuondoka. Tiketi ya karatasi lazima uipige muhuri kwenye kimashine kilichofungwa ukutani kabla hujapanda, la sivyo mkaguzi akikukuta unalipa faini, na kusema wewe mgeni hakukusaidii. Chagua treni ya moja kwa moja, kwani nyingine zinakubadilisha njiani. Unapita Imola, unapita Lugo, nchi yote ni tambarare, miti ya matunda na mizabibu imepangwa kwa mistari, na siku hiyo ukungu ulikuwa umelala mashambani hata nyumba za mbali hazionekani. Baridi ile si ya mchezo kwa mtu wa pwani. Vaa soksi mbili.

Kutoka stesheni ya Ravenna hadi katikati ya mji ni mwendo wa dakika kumi kwa njia moja iliyonyooka. Huhitaji teksi. Mji wote ni tambarare na watu wazima, hata wazee wa makamo ya bibi yangu, wanaendesha baiskeli wakiwa na vikapu vya sokoni. Uwanja mkuu, Piazza del Popolo, una nguzo mbili walizosimamisha watu wa Venezia, walioutawala mji kuanzia 1441 hadi 1509. Uwanja mzuri, lakini sikukaa. Nilikunywa kahawa nimesimama kaunta, kama wenyeji, kwa sababu ukikaa mezani bei hupanda.

Sasa, historia kwa ufupi, maana bila hiyo utaona makanisa tu. Mwaka 402 kaisari wa Roma ya Magharibi, Honorius, aliihama Milano akahamishia makao yake Ravenna. Sababu ilikuwa ya kijeshi: mji ulizungukwa na vinamasi, adui hakuweza kuufikia kwa urahisi, na jirani yake kulikuwa na bandari ya Classe ambayo Kaisari Augusto aliiweka kwa ajili ya manowari zake. Roma ya Magharibi ilipoanguka mwaka 476, mji ukaendelea. Theodoric, mfalme wa Wagothi, akautawala kuanzia 493 hadi alipofariki mwaka 526. Mwaka 540 majeshi ya Justinian wa Konstantinopoli yakauteka, na ukabaki mikononi mwa watu wa mashariki mpaka 751. Kila mmoja wao alijenga, na yaliyobaki ni majengo manane ambayo UNESCO iliyaorodhesha mwaka 1996 kuwa urithi wa dunia. Sisi Gede yetu imeingia orodha hiyo mwaka 2024, na kwa hilo nilikwenda nikiwa na maswali ya jirani kwa jirani.

Nilianza na San Vitale, na nakwambia uanze hapo pia, asubuhi, kabla makundi ya mabasi hayajafika. Ukilitazama kwa nje utajiuliza umeambiwa uje kufanya nini. Matofali makavu, hayana plasta, hayana sanamu, madirisha madogo, rangi ya udongo. Lakini sisi tuliolelewa katika nyumba za mawe za pwani tunalijua jambo hili. Nyumba ya kiungwana kwa nje ni ukuta mtupu wa matumbawe, mpita njia haoni kitu, na mapambo yote yako ndani, kwenye zidaka na chokaa iliyonakshiwa, kwa macho ya mwenye kukaribishwa. San Vitale ni vivyo hivyo. Unaingia, unapiga hatua chache kwenye giza la nguzo, kisha unainua uso upande wa madhabahu na ukuta mzima ni dhahabu na kijani.

Hiyo ni kazi ya mozaiki, vipande vidogo vya kioo na mawe vilivyobandikwa kimoja kimoja kwenye chokaa mbichi. Vya dhahabu hutengenezwa kwa kulaza karatasi nyembamba ya dhahabu juu ya kioo na kuifunika kwa kioo kingine chembamba mno, ndiyo maana haichujuki. Na fundi hakuvilaza sawasawa. Aliviinamisha kidogo, hiki huku, hiki kule, ili mwanga uvipige kila kimoja kwa namna yake. Ukisimama utaona dhahabu imetulia. Tembea hatua tatu utaona inatembea nawe. Nilikwenda huku na huku mbele ya ukuta ule mpaka mhudumu wa kanisa, mama wa umri wangu, akanisogelea. Nilidhani atanikataza. Akaniambia nisubiri kidogo, ukungu ukifunguka jua litaingia kwa dirisha la juu. Tukasubiri pamoja. Jua likaingia.

Kwenye ukuta wa kushoto wa madhabahu yuko Justinian na askofu, makasisi na askari wake. Wa kulia yuko mkewe, Theodora, na wanawake wa baraza lake. Kanisa lilitabarukiwa mwaka 547, na hao wawili hawakuwahi kufika Ravenna. Walitawala mji wasioukanyaga, na walichotuma ni sura zao ukutani. Theodora ndiye aliyenishika. Macho yake yanakutazama wazi, lulu zimeshuka hadi mabegani, na kwenye upindo wa nguo yake wametariziwa wale mamajusi watatu wakipeleka zawadi. Vitambaa vya wanawake walio nyuma yake havifanani hata kimoja, kila mmoja na ua lake na rangi yake. Mtu anayejua kuchagua leso dukani atakaa hapo muda mrefu. Mwaka uliofuata, 548, Theodora alifariki.

Hatua chache kutoka hapo, ng'ambo ya bustani, kuna kijengo kidogo kinachoitwa kaburi la Galla Placidia, dada wa Honorius kwa baba. Ni kidogo kweli, cha umbo la msalaba, na kwa nje hakina chochote. Huenda yeye mwenyewe hakuzikwa humo, maana alifariki Roma mwaka 450. Ndani dari yote ni buluu nzito iliyojaa nyota za dhahabu, na madirisha hayana kioo bali vibao vyembamba vya jiwe la alabasta, kwa hivyo mwanga unaingia wa rangi ya asali. Chini ya dari kuna njiwa wawili wanakunywa maji kwenye bakuli, na kulungu wanaoinamia kisima. Hapa wahudumu hawaachi watu wajazane. Unaingia kwa zamu na kwa saa uliyopewa kwenye tiketi, unakaa dakika chache, unatoka. Naielewa sababu. Pumzi za watu ni unyevu, na unyevu ni adui wa chokaa. Nimeona kwetu kuta zinavyoliwa. Lakini macho yanahitaji muda kuzoea giza lile, na zamu ikiisha ndio kwanza umeanza kuona. Jambo la kufanya: ukiingia usitoe simu. Simama katikati, tulia, uangalie juu. Picha zake zimejaa kwenye intaneti na hakuna hata moja iliyoipata buluu ile.

Tiketi. Majengo matano yanasimamiwa na jimbo la kanisa na tiketi yake ni moja: San Vitale, Galla Placidia, Sant'Apollinare Nuovo, jengo la ubatizo la Neoni, na makumbusho ya askofu yenye kikanisa chake. Unalipa mara moja, bei yake ni ya haki kabisa ukilinganisha na unachokiona, na huna haja ya kumaliza yote kwa siku hiyo hiyo. Yaliyobaki yako chini ya serikali, na tiketi zake ni mbali. Mgeni anachanganyikiwa hapa, kwa sababu vibao vya UNESCO vinayataja yote manane pamoja kama kwamba mwenyewe ni mmoja. Vibao vya maelezo navyo vimeandikwa na wasomi kwa ajili ya wasomi. Mimi najua Kiitaliano na bado nilisoma sentensi mara mbili. Ukiwa hujui lugha, soma kabla hujaenda.

Wahudumu nawapa sifa kamili. Mimi ni Muislamu, niliingia makanisani na mtandio wangu, na hakuna aliyenitazama kwa jicho baya wala kuniuliza nimefuata nini. Katika makanisa ya Italia wanataka mabega na magoti yafunikwe, na kwa hilo mwanamke wa pwani hana la kujiandaa. Sala nilizichanganya kama msafiri. Mji una msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 2013, lakini uko nje, upande wa viwanda na bandari, si wa kufika kwa miguu kutoka huku.

Chakula cha mkoa huu wa Romagna ni piadina, mkate mwembamba wa ngano usio na hamira, unaopikwa juu ya bamba la moto na kukunjwa na jibini na majani ya rucola ndani. Sikilizeni vizuri hapa, ndugu zangu Waislamu: unga wa piadina kwa asili hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Hata ukiomba ya jibini tupu, mafuta yamo kwenye unga. Uliza kama wana ya mafuta ya zeituni, sema "all'olio d'oliva", na mwenye kibanda mkweli atakujibu bila kuudhika. Kibanda nilichokula mimi kilikuwa cha mama na binti yake karibu na soko la ndani, wana bakuli mbili za unga zilizotengwa na bamba mbili, nikaridhika. Jibini yake inaitwa squacquerone, laini, chachu kidogo, inatiririka ukiuma. Nilikula nimesimama kwenye baridi, mvuke ukinitoka mdomoni, na nikaagiza nyingine.

Mkahawa mmoja wa pembeni ya uwanja haukunipendeza. Nilikaa kunywa chai ya kupasha mikono moto, bili ikaja na pesa ya coperto, yaani malipo ya kukaa mezani, ambayo haikuwa imeandikwa mahali pa kuonekana. Coperto ni desturi yao na haina ubaya, ila lazima iwe kwenye orodha ya bei. Uliza kabla hujaketi.

Mchana nilipita kwa Dante. Mshairi huyu alizaliwa Firenze mwaka 1265, akafukuzwa na mji wake, akafia ugenini hapa Ravenna mwaka 1321. Kaburi lake ni kijumba cheupe mwisho wa njia, na mtaa mzima wa kando yake una amri ya kunyamaza. Watu wa Firenze walikuja kujuta wakaitaka mifupa yake. Mwaka 1519 walipata idhini ya Papa na wakatuma watu kuichukua, wakafungua jeneza wakakuta tupu: watawa wa Ravenna walitoboa ukuta kutoka upande wao na kuificha. Ilikuja kuonekana mwaka 1865, mafundi walipokuwa wakitengeneza ukuta. Mpaka leo kila Septemba Firenze huleta mafuta ya taa inayowaka kaburini, na mifupa hawajapewa. Nilikaa hapo nikamfikiria Liyongo, mshairi wetu aliyefungwa na jamaa zake, ambaye wazee husema kaburi lake liko upande wa Ozi. Watoto wa Malindi wangapi wamepelekwa kulitazama? Shemeji alipelekwa kwa Dante na shule akiwa mdogo, na jina hilo hajalisahau.

Jirani ya kaburi ni kanisa la San Francesco, na ndani yake kuna kitu ambacho hakimo kwenye orodha ya UNESCO na mimi siwezi kukiacha. Chini ya madhabahu kuna kidirisha. Unainama, unatia sarafu, taa inawaka, na unaona chumba cha chini chenye nguzo kimejaa maji safi, na samaki wa rangi ya machungwa wanaogelea juu ya sakafu ya mozaiki. Ardhi ya Ravenna imekuwa ikizama kidogo kidogo kwa karne nyingi, maji ya chini yamepanda, na chumba kimefunikwa. Mtoto aliyekuwa kando yangu alimwomba babake sarafu nyingine, nami nikatia ya kwangu ili sote tuendelee kuona.

Halafu nikafika Sant'Apollinare Nuovo, kanisa alilojenga Theodoric, na hapo ndipo nilipoanza kuyaelewa maneno ya yule mzee niliyemtembeza Gede. Kanisa ni refu, na kuta zake mbili za juu zina msafara: upande mmoja wanawake watakatifu 22 wamevaa dhahabu, upande wa pili wanaume 26 wamevaa nyeupe. Ukiingia usikimbilie mbele. Geuka, tazama mwanzo wa msafara, huko karibu na mlango. Upande ulio kulia kwa anayeingia kuna picha ya jumba la mfalme, nguzo na mapazia. Theodoric na watu wake walichorwa wamesimama baina ya nguzo hizo. Watu wa Justinian walipouteka mji waliwafuta, kwa sababu madhehebu yao yalikuwa mengine, wakaweka mapazia mahali pao. Lakini hawakumaliza kazi. Angalia nguzo zenyewe: mikono imebaki. Mkono hapa, kiganja pale, vimelala juu ya nguzo nyeupe, na wenye mikono hawapo. Kwa miaka yote niliyotembeza watu kwenye magofu, sijaona ushahidi wa utawala uliofuta utawala mwingine ulio wazi kama ule. Hauhitaji kibao.

Na upande wa kushoto kuna bandari ya Classe. Minara miwili, na baina yake vyombo vitatu majini, buluu chini yake. Nilizaliwa karibu na jeti ya Malindi, na baba yangu alikuwa mvuvi. Chombo kikichorwa na mtu asiyekijua nakitambua. Hivi vilichorwa na mtu aliyeviona. Waandishi wa kale walisema bandari hiyo ilichukua meli 250. Nikamwuliza mhudumu iko wapi leo. Akaniambia nipande basi namba 4, nikaone.

Nikapanda. Ni kilomita chache kusini mwa mji. Unashuka kando ya kanisa kubwa la matofali lililosimama peke yake, na pande zote ni mashamba. Hakuna bahari. Hakuna hata harufu yake. Mito ilishusha tope karne baada ya karne, bandari ikajaa, pwani ikasogea mashariki, na leo mji wa Ravenna unaifikia bahari kwa mfereji wa kilomita kama kumi. Meli zile 250 zilielea mahali ambapo sasa kunalimwa. Ndilo alilotaka kuniambia mzee yule, na mimi nilihitaji kusimama pale ili nilielewe, kwa sababu kazi hiyo hiyo mto Sabaki unaifanya kwetu kila masika. Mvua ikinyesha bara, ghuba yetu hugeuka rangi ya udongo, na ufuo umepanuka hata hoteli zilizojengwa kando ya maji sasa mbele yake kuna uwanja wa mchanga. Tunalalamika kuwa wageni hawapendi maji mekundu. Ravenna wana kanisa zima la kumwonyesha mtu mto unaweza kufanya nini ukiachiwa muda.

Kanisa lenyewe, Sant'Apollinare in Classe, lilitabarukiwa mwaka 549. Lina nguzo za marumaru ya mistari kila upande, na mbele kabisa, juu ya madhabahu, kuna konde la kijani: miti, maua, ndege, kondoo kumi na wawili weupe waliopangwa kwa mistari, na mtakatifu ameinua mikono katikati yao. Baada ya dhahabu ya San Vitale, kijani kile kilinipumzisha. Nilikuwa na watu wanne tu ndani ya jengo lile lote. Venezia mwezi huo huo, mdogo wangu aliniambia, ungesimama foleni kuingia kanisa moja.

Jengo la ubatizo la Neoni na lile la Waario, madhehebu ya Theodoric, niliyapitia haraka. Ni mazuri, lakini ukiwa na siku moja, moja linatosha, na la Neoni ndilo bora. Makumbusho ya askofu niliyaruka. Kaburi la Theodoric sikulifikia, nalo liko nyuma ya stesheni: la mawe, na paa lake ni jiwe moja la upana wa mita kama kumi, lenye uzito wa zaidi ya tani 200, lililoletwa kwa bahari kutoka Istria, ng'ambo ya Adriatic. Mtu anayefika na treni ya mapema zaidi aanze na hilo.

Hesabu ya siku basi iwe hivi: treni ya saa mbili asubuhi, San Vitale na Galla Placidia kabla ya saa tano, chakula, Dante na samaki wa San Francesco, Sant'Apollinare Nuovo, kisha basi la Classe si baada ya saa tisa, kwa sababu Novemba giza linaingia mapema na saa za kufungua hupungua. Wakati wa joto wenyeji huenda fukwe za Adriatic, na wageni wengi zaidi hufika, kwa hivyo saa ya Galla Placidia ihifadhiwe mapema kwenye tovuti. Kwa mzee mwenye magoti mabaya mji unafaa kuliko Venezia, hauna madaraja ya ngazi, ila baadhi ya njia ni za mawe ya mviringo na ndani ya makanisa viti vya kupumzika ni vichache. Watoto wataomba sarafu za San Francesco. Wawe nazo mfukoni. Treni za kurudi Bologna zipo mpaka usiku, lakini angalia ya mwisho ya moja kwa moja ni saa ngapi kabla hujatoka stesheni asubuhi, na tiketi yake ipige muhuri.